Mifugo ilipoondolewa milimani: uchambuzi wa kisa cha mmomonyoko wa udongo Kondoa

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinahusu uamuzi mmoja. Mwaka 1979 Serikali ya Tanzania iliamuru ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la milima ya Irangi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, kwa sababu ardhi ya huko ilikuwa imeliwa na maji ya mvua kiasi cha kutisha. Majina ya wilaya na ya mradi uliosimamia kazi hiyo yamebakizwa kwa kuwa yamo katika kumbukumbu za umma na hayafichiki. Majina ya vijiji, ya watumishi na ya wananchi yameondolewa, na pale kaya moja inapotajwa, ni kaya ya mfano iliyowekwa ili hesabu ieleweke.

Uchambuzi umeandikwa kwa ajili ya mabwana shamba, watumishi wa misitu, walimu wa jiografia na wajumbe wa kamati za mazingira katika vijiji vya nyanda kame. Wengi wao wamekwisha kuulizwa na wanakijiji swali lenye haki kabisa: mvua yenyewe tunaililia kila mwaka, imewezaje kuchimba korongo la kumeza nyumba?

Mvua chache, maji mengi

Milima ya Irangi hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Kiasi hicho si haba kama kinavyosikika, kwani jiji la London hupata karibu milimita 600, na hakuna anayeliita jangwa. Tofauti iko katika namna mvua inavyokuja. London mvua hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, na ardhi hupata nafasi ya kuinywa. Kondoa karibu mvua yote huanguka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, na sehemu kubwa yake huja kwa vishindo vichache, saa moja au mbili za matone mazito yanayofuatwa na siku kadhaa za jua kali.

Vishindo vya mwanzo ndivyo vibaya zaidi, si kwa ukubwa wake bali kwa hali ya ardhi vinayoikuta. Hadi Novemba, ardhi imemaliza miezi sita au saba bila tone la maji. Nyasi zimeliwa hadi mizizi au zimechomwa moto, na mabua ya mtama na uwele yaliyobaki shambani yamekwisha kutafunwa na ng'ombe. Tone la kwanza linapopiga udongo ulio uchi huvunja vijibonge vyake, na chembe ndogo zinazoruka huenda kuziba vitundu ambavyo maji yangepitia kuingia chini. Baada ya mvua mbili tatu za namna hiyo udongo hufanya ganda, na ganda hilo likikauka huwa gumu kama sakafu iliyokandikwa. Mvua inayofuata haina pa kuingia, hivyo hushuka. Katika muda wa nusu saa mto uliokuwa mchanga mtupu hujaa maji mekundu kingo hadi kingo, na kufikia jioni umerudi kuwa mchanga, ila mchanga wenyewe umeongezeka.

Tunayajua haya kwa vipimo, na vipimo vyenyewe vilifanyika mkoani humohumo. Mwaka 1933 mtafiti R. R. Staples alianza kupima huko Mpwapwa maji yanayotiririka na udongo unaochukuliwa katika vishamba vidogo vilivyokuwa na mteremko mmoja, wa takribani asilimia 6. Kazi hiyo ni miongoni mwa vipimo vya mwanzo vya aina yake barani Afrika. Mvua ilikuwa ileile, na udongo uleule; kilichotofautiana ni kilichoota juu yake. Kwa wastani wa misimu miwili, kishamba kilichoachiwa vichaka visivyolishwa mifugo kilipoteza asilimia 0.4 tu ya maji ya mvua, na udongo wake haukuondoka kwa kiasi cha kupimika. Kishamba chenye nyasi kilipoteza asilimia 1.9 ya maji, nacho kikabaki na udongo wake. Kilicholimwa mtama au uwele kilipoteza asilimia 26 ya maji na tani 78 za udongo kwa hekta kwa mwaka, na kile kilichoachwa kitupu kilipoteza asilimia 50.4 ya maji na tani 146 za udongo.

Asilimia hazishikiki mkononi, basi tuzigeuze kuwa ndoo. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye hekta moja ni lita 300,000 za maji. Tukichukua wastani wa Mpwapwa kuwa kipimo, ingawa kila mvua ina tabia yake, hekta ya vichaka ingeachia lita 1,200, yaani mapipa sita. Hekta ya nyasi ingeachia lita 5,700. Hekta tupu ingeachia zaidi ya lita 150,000, na zote zingeshuka kwa pamoja kumwelekea jirani wa bondeni. Tani 146 za udongo nazo, kwa uzito wa kawaida wa udongo wa aina hiyo, ni tabaka lenye unene wa karibu milimita 10. Mkulima halioni tabaka hilo likiondoka, kwa sababu hakuna shimo linalobaki, lakini baada ya miaka kumi sentimita kumi za juu, zenye mboji na rutuba yote, zimekwenda.

Kabla ya mradi

Ingekuwa rahisi kuanza hadithi kwa kusema kwamba wafugaji walileta ng'ombe wengi na ardhi ikaharibika. Ripoti nyingi za zamani zilianza hivyo. Lakini wachunguzi waliopima umri wa tabaka za mchanga zilizorundikana chini ya vilima vya Kondoa walikuta kwamba udongo ulikuwa ukishuka kwa wingi mamia ya miaka kabla ya mkoloni yeyote kufika. Katika karne ya 19 Kondoa ikawa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na misafara ilihitaji chakula, kwa hiyo mashamba yakapanuka. Kisha ikaja habari ya mbung'o. Vichaka vya nchi tambarare vilipotawaliwa na mbung'o, watu na ng'ombe wao walibanwa milimani, ambako hapakuwa na ugonjwa wa malale wala nagana, yaani malale ya mifugo, na milima ikabeba kuliko ilivyoweza.

Serikali ya Waingereza ilijibu kwa kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o, na katika miaka ya 1920 Kondoa ilikuwa moja ya vituo vikuu vya kazi hiyo. Watu wakapata nafasi ya kushuka. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba mwananchi ndiye aliyemaliza miti, kwani sehemu ya misitu ile ilikatwa kwa amri ya serikali, kwa sababu ambayo wakati ule ilionekana njema na pengine ilikuwa njema.

Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 utawala huohuo uliagiza matuta ya kukinga maji, kupunguza mifugo na kufunga baadhi ya maeneo. Kazi ilifanywa kwa kulazimishwa, na faini zilitozwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, matuta yalikuwa yamekwisha kuwa alama ya utawala uliochukiwa, na mengi yakaachwa. Tuta la makingamaji lililoachwa ni baya kuliko pasipo na tuta, kwa sababu hukusanya maji ya upana wote wa mteremko, na likipasuka mahali pamoja huyaachia yote hapo. Baadhi ya makorongo ya Kondoa yanaanzia mahali kama hapo.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, vilima vingi vilikuwa vyekundu na vimechanika. Watafiti waliopima mashapo katika malambo ya jirani na mji wa Dodoma walionyesha kwa takwimu kile ambacho wanavijiji walikuwa wakikiona, yaani malambo yalikuwa yakijaa mchanga na tope kabla ya wakati yaliyokusudiwa kudumu.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wote waliujua kwa kifupi chake, HADO. Ulikuwa chini ya idara ya misitu na ulifadhiliwa na Sweden. Miaka sita ya kwanza ilikuwa ya kazi za mikono na mashine. Yalichimbwa matuta ya kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa mmoja, kwa sehemu kwa mitambo, na vizuizi vikajengwa ndani ya makorongo. Mkonge na majani ya kushika udongo vilipandwa juu ya matuta, na vitalu vilianzishwa ili kutoa miche ya mijohoro, mikaratusi na mingineyo. Idadi ya mifugo ilitajwa mara kwa mara katika mikutano, lakini haikuguswa.

Matuta mapya yalikanyagwa na ng'ombe wakivuka kwenda malishoni, na miche ikaliwa na mbuzi. Mvua kubwa zilipokuja zilipitia palepale kwato zilipokuwa zimefungua njia. Hadi kufikia mwaka 1979 watumishi walikuwa wameona kwamba wanajenga mchana kinachobomolewa jioni, na hapo ndipo ilipotolewa amri ya kuondoa mifugo yote. Idadi iliyotajwa ni kati ya 85,000 na 90,000. Wanyama walishushwa kwenda nchi tambarare nje ya mpaka, wengi wakakabidhiwa kwa ndugu na marafiki, na wengine wakauzwa kwa bei ya mtu anayejulikana kuwa hana muda wa kusubiri.

Miaka kumi iliyofuata walinzi walizunguka kwenye mipaka, wanyama waliokutwa ndani walikamatwa, na wenye wanyama walitozwa faini. Mwaka 1986 hatua hiyohiyo ilichukuliwa katika tarafa ya Mvumi, karibu na mji wa Dodoma. Kuanzia mwaka 1989 ufugaji wa ndani uliruhusiwa Kondoa kwa masharti. Ng'ombe wachache wa maziwa wangefungwa bandani na kukatiwa majani, bila kutoka nje. Mradi ulifikia mwisho katikati ya miaka ya 1990, baada ya zaidi ya miaka 20.

Uamuzi na sababu zake

Kwa nini wote? Hili ndilo swali la msingi la kisa hiki, kwa kuwa kitaalamu hapakuwa na ulazima wa kuondoa mnyama wa mwisho. Nyasi huvumilia malisho ya kiasi, na hakuna kipimo kilichosema kwamba mbuzi watatu wa mjane fulani walikuwa wakichimba korongo.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya usimamizi. Kupunguza mifugo kulikuwa kumejaribiwa wakati wa ukoloni na kukashindikana, kwa sababu mfugaji huhamisha ng'ombe usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu, naye anayehesabu hana njia ya kujua ng'ombe yupi ni wa nani. Amri isemayo kila kaya ibaki na wanyama watano huhitaji karani kila nyumba. Amri isemayo kusiwe na mnyama hata mmoja huhitaji mlinzi mwenye macho, kwani kwato moja iliyoonekana njiani inatosha kuwa ushahidi.

Sababu ya pili ilikuwa ya haraka. Ganda la udongo lilikuwa limefikia hatua ambayo mbegu hazikuweza kushika hata palipobaki mbegu, na maofisa walihitaji misimu miwili mitatu ya kupumzisha ardhi kabisa. Ya tatu, ambayo haiandikwi sana, ilikuwa hali ya siasa ya wakati ule. Nchi ilikuwa imetoka katika operesheni za kuwahamishia watu vijijini, watumishi walikuwa wamezoea kutoa amri kubwa, na wananchi walikuwa wamezoea kuzipokea. Nadhani amri ileile ingetolewa miaka kumi na mitano baadaye isingepita.

Punda nao waliondolewa. Kwa upande wa udongo hesabu yake ilikuwa ndogo sana. Kwa upande wa mwanamke aliyekuwa akibebewa maji na kuni, ilikuwa kubwa.

Matokeo

Ardhi iliitika upesi kuliko wengi walivyotarajia. Ndani ya misimu michache nyasi zilifunika miteremko ambayo mwaka 1979 ilikuwa kokoto na udongo mwekundu. Visiki vya miti ya miombo vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vilichipua, kwa sababu mizizi yake ilikuwa hai chini na kilichokosekana kilikuwa muda wa chipukizi kukua bila kung'atwa. Sehemu kubwa ya uoto uliorudi haikupandwa na mtu. Vitalu vilikuwa na kazi yake, hasa kwa miti ya majumbani na ya kuni, lakini anayetazama vilima vya Kondoa na kudhani vilifunikwa kwa miche amekosea chanzo.

Mito ya mchanga ilibadilika pia. Maji yaliyoshuka yalikuwa machache na yalibeba mchanga mdogo, hivyo mito iliyokuwa imetanuka ikapungua upana, kingo zikaota majani, na mkondo ukaanza kujichimbia njia nyembamba katikati. Mchanga wa zamani uliokuwa umetanda mabondeni ukatulia, na watu wakaanza kuulima miwa, viazi vitamu na mboga, kwa kuwa unahifadhi unyevu chini yake. Baadhi ya mashamba yanayosifiwa leo yamekaa juu ya udongo ulioibwa milimani miaka mingi iliyopita.

Upande wa pili wa daftari uliandikwa na watu wengine. Tuchukue kaya ya mfano iliyokuwa na ng'ombe kumi na mbuzi kumi na watano. Baada ya 1979 haikuwa tena na maziwa ya watoto. Haikuwa na samadi, na shamba la mlimani bila samadi hupungua mavuno mwaka hadi mwaka hata kama udongo wake umeacha kuondoka. Maksai wa kulimia hawakuwepo, basi jembe la mkono likarudi. Ng'ombe waliokwenda kwa ndugu wa tambarare walizaa, walikufa, au walisemekana wamekufa, na mwenye mali alikuwa mbali asiweze kujua. Mahari, ambayo huhesabiwa kwa ng'ombe, ikawa shughuli ya safari.

Nchi tambarare iliyopokea wanyama hao haikuwa tupu. Ilikuwa na mifugo yake, mashamba yake na mvua iliyo haba kuliko ya milimani. Shinikizo lililoondolewa katika kilomita za mraba 1,256 lilihamia mahali ambapo hapakuwa na mradi, na hivyo hapakuwa na mtu wa kupima.

Uchambuzi: kwa nini kilichofaa kilifaa

Somo la miaka sita ya kwanza ni kwamba tuta hukutana na maji yaliyokwisha kushindikana. Maji yakifika kwenye tuta tayari yamekataliwa na udongo mahali yalipoangukia, tayari yamejikusanya, na tayari yamebeba mzigo. Tuta linaweza kuyachelewesha, lakini haliwezi kurudisha tone mahali lilipoanguka. Nyasi hufanya kazi kabla ya hapo. Jani huvunja nguvu ya tone, shina huzuia mtiririko, na mzizi pamoja na mchwa na wadudu wanaoishi chini ya majani makavu hufungua njia za maji. Takwimu za Staples zilikuwa zimelionyesha jambo hili miaka 40 kabla ya mradi, kilomita zisizozidi mia mbili kutoka hapo. Kwamba fedha za mwanzo zilikwenda kwenye matuta kuliko kwenye nyasi ni jambo linaloweza kuelezwa kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: tuta hupigwa picha siku linapokamilika, na nyasi hazina siku ya uzinduzi.

Tazama pia tofauti kati ya vichaka na nyasi katika vipimo hivyo, asilimia 0.4 kwa 1.9. Ni ndogo sana ukiilinganisha na pengo kati ya nyasi na ardhi tupu. Hii ina maana kwamba maneno "ukataji miti huleta mmomonyoko", ambayo kila mwanafunzi anayakariri, ni ya kweli kwa nusu. Mti ukikatwa na nyasi zikabaki, maji mengi bado yataingia ardhini. Mti ukisimama na sakafu yake ikiwa imefagiwa na kwato, moto au wazoa majani, maji yatashuka, tena matone yanayodondoka kutoka kwenye majani mapana ya mti mrefu huwa makubwa kuliko ya mvua yenyewe. Nimesimama chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya hifadhi ya udongo, nikaona ardhi tupu yenye ganda na mifereji ya upana wa kidole ikianza kuchorwa kati ya mashina. Kinacholinda ni kilicho karibu na ardhi. Ukataji miti katika nchi kame hudhuru zaidi kwa sababu ya kile kinachoufuata, yaani jembe, moto na malisho yasiyo na mapumziko.

Je, haiwezekani kwamba mvua ndiyo iliyobadilika, na uoto ukarudi kwa bahati njema? Swali hili lazima liulizwe katika kila kisa cha namna hii, kwa kuwa mvua ya Dodoma hupanda na kushuka sana kati ya mwaka na mwaka. Jibu linatoka mpakani. Ndani na nje ya mpaka mawingu ni yaleyale, lakini upande mmoja ulifunikwa na mwingine ulibaki mwekundu. Kwa upande wa mvua yenyewe, kazi ya Langbein na Schumm ya mwaka 1958 kuhusu mito ya Marekani ilionyesha kwamba mashapo mengi zaidi hayatoki jangwani, ambako mvua haitoshi kubeba, wala kwenye mvua nyingi, ambako uoto hulinda, bali katikati, penye mvua ya kutosha kubomoa na isiyotosha kufunika vizuri. Katika nchi zenye joto, kilele hicho husogea kwenye mvua nyingi zaidi, kwa sababu maji mengi hupotea hewani kabla ya kuotesha chochote. Kondoa imekaa katika hali hiyo ya katikati. Ni mahali ambapo mkono wa binadamu, ukiondoa kidogo tu ya kinga iliyopo, huvuna uharibifu mkubwa, na ukiirudisha, huvuna nafuu kubwa vilevile.

Kwa anayetaka kulithibitisha hili kijijini kwake bila kifaa chochote, kuna vipimo viwili ambavyo ardhi imejiwekea yenyewe. Cha kwanza ni mizizi ya miti ya zamani. Tafuta mti kwenye mteremko ulio wazi, uangalie mahali ambapo shina linakutana na mizizi. Hapo ndipo ulipokuwa usawa wa ardhi mti ulipoota. Kama leo mizizi imesimama hewani kama miguu ya meza, pima urefu wake hadi chini, uulize wazee umri wa mti, na utapata kiasi kilichoondoka. Cha pili huonekana asubuhi baada ya mvua kubwa. Inama mpaka uso ukaribie ardhi. Utaona vinguzo vidogo vya udongo, kila kimoja kimevaa kijiwe au kipande cha kigae kichwani kama kofia. Kijiwe kilikinga udongo ulio chini yake dhidi ya matone, na pembeni pote pakaondoka. Kama kinguzo kina urefu wa milimita tano, basi ndicho kiasi ambacho mvua zimechukua tangu ardhi ilipolimwa au kupaliliwa mara ya mwisho. Mwanakijiji aliyeoneshwa kinguzo hahitaji kusomewa takwimu.

Uchambuzi: kilichokosewa

Kosa kubwa lilikuwa la kuhesabu upande mmoja. Mradi ulijiwekea mpaka, ukapima kilichomo ndani, ukapata mafanikio ya kweli, na gharama zikavuka mpaka pamoja na ng'ombe. Tathmini inayosema eneo limepona bila kusema ng'ombe walikwenda wapi haijakamilika, hata kama kila sentensi yake ni kweli.

La pili ni mbolea. Udongo hulindwa ili uzalishe, na milimani uzalishaji ulitegemea zizi. Kuondoa zizi bila kuleta mbadala kulimaanisha kwamba shamba lililoacha kumomonyoka lilianza kuchoka. Ufugaji wa ndani wa 1989 ulikuwa jibu kwa hili, nao ulikuwa jibu zuri, ila ulikuja miaka kumi baadaye na ulimfaa mwenye uwezo. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa hugharimu fedha, hutaka banda, dawa, na mzigo wa majani kila siku, na aliyebeba mzigo huo kwa kawaida alikuwa mke au binti. Kaya masikini iliyopoteza mbuzi watano haikupandishwa daraja kuwa na ng'ombe wa maziwa.

La tatu linahusu nani aliyeamua. Mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulikabili ardhi iliyoharibika vilevile, lakini uliegemea utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa ngitili, ambapo sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Ng'ombe hawakufukuzwa, na ulinzi ulikuwa mikononi mwa wenye malisho. Sidai kwamba ngitili ingetosha kwa Kondoa ya 1979, kwani miteremko ya Irangi ni mikali kuliko mbuga za Shinyanga na uharibifu ulikuwa umefika mbali. Lakini baada ya misimu mitatu au minne, nyasi zilipokwisha kushika, kulikuwa na nafasi ya kufungua malisho kwa zamu chini ya serikali za vijiji, na nafasi hiyo haikutumika. Kilichoanza kama mapumziko ya ardhi kikageuka kuwa sheria isiyo na tarehe ya mwisho, na ulinzi wake ukategemea mshahara wa mlinzi.

Mshahara huo ulipokoma mwishoni mwa mradi, mifugo ilianza kurudi, kwanza usiku, kisha mchana. Ilipitia njia zilezile za mpakani ambazo miaka yote ilikuwa ikipitishwa kwa siri. Njia ya ng'ombe inayopanda mlima moja kwa moja ni mfereji uliokwisha kuchimbwa nusu, kwani kwato zimeshindilia udongo, majani hayaoti, na maji huielewa haraka. Katika vijiji vya ukingoni mwa eneo hilo, makorongo mapya yanayohitaji kushughulikiwa sasa yanaanzia kwenye njia hizo.